Upinde wa ncha zilizopinduka: kuuchagua, kuuvuta na kuutunza katika hewa ya Tanga

Ukiuona upinde huu kabla haujavishwa uzi, unaweza kudhani fundi alikosea. Ncha zake mbili zimegeukia mbele, zinampa mpigaji kisogo. Lakini nguvu yake imo humo humo. Uzi wa upinde, ambao wazee wa pwani waliuita upote, ukishavishwa hulala juu ya mapindo hayo. Unapovuta, mapindo hujikunjua kidogo kidogo, kwa hiyo uzito hupanda kwa ulaini mpaka mwisho. Haukazi ghafla kwenye inchi mbili za mwisho kama kwenye upinde mfupi ulionyooka. Unapoachia, upote hurudi kulala juu ya ncha, urefu wake unaofanya kazi hupungua, na mshale hupata msukumo wa ziada wakati wa kuondoka. Watu wa nyika za Asia waliligundua hilo zamani kwa pembe, mbao na kano za wanyama. Leo ni mbao zilizobandikwa kati ya tabaka za faiba, lakini siri ni ile ile.

Kinachowafunga watu kwenye upinde wa namna hii, ambao wapigaji wengi huuita rikavu, ni kwamba hauna pa kujificha. Upinde wa mapulei, ule wenye magurudumu kwenye ncha, hupunguza mzigo vidoleni mpigaji anapofika mwisho wa kuvuta. Rikavu haipunguzi kitu. Ukivuta paundi 25, ni karibu kilo 11 na robo zinazoning'inia kwenye vidole vitatu, na mzigo huo uko kileleni pale pale unapotaka kutulia na kulenga. Kosa la bega, la kidole, la pumzi, lote linaonekana kwenye gunia. Upinde huu ndio uliotumika kwenye Olimpiki tangu mchezo uliporudi Munich mwaka 1972, na umbali wa leo huko ni mita 70 kwa shabaha ya kipenyo cha sentimita 122. Maelezo yanayofuata ni ya upinde mtupu: hauna darubini, hauna kitulizo, hauna alama ya kulengea.

Uzito kwanza, urembo baadaye

Kosa linalowaondoa watu wengi kwenye mchezo huu hufanyika siku ya kununua. Kijana mwenye kifua kipana anaona aibu kuchukua upinde wa paundi 22, anachukua wa 45. Baada ya wiki tatu bega linauma, mshale hauendi anakotaka, na upinde unageuka pambo la ukutani. Mtu mzima aanze kati ya paundi 20 na 26. Mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili aanze na 12 hadi 16. Kipimo ni hiki: vuta mpaka pembe ya mdomo, hesabu polepole hadi kumi. Mkono ukitetemeka kabla ya kumi, uzito huo bado si wako. Kupanda, ongeza paundi mbili hadi nne kwa mara moja, na usiongeze kabla ya miezi miwili au mitatu ya kupiga mara kwa mara.

Halafu pima mvuto wako. Simama ukiegemea ukuta, nyoosha mikono yote miwili kama msalaba, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati cha pili. Gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 anapata 68, yaani inchi 27 kasoro kidogo. Namba hiyo inahusu fedha yako moja kwa moja, kwa sababu uzito ulioandikwa kwenye upinde ni wa mvuto wa inchi 28. Kila inchi inayopungua inakuondolea takriban paundi mbili, na kila inchi inayozidi inakuongezea kiasi hicho. Upinde ulioandikwa 30 utampa mtu wetu wa sentimita 170 kama 27 na nusu hivi. Ukitaka uhakika, tundika upote kwenye mizani ya ndoano, kama ile ya wauza samaki wa Deep Sea, vuta mpaka urefu wako, kisha usome.

Urefu wa upinde hufuata mvuto huo. Mvuto wa inchi 26 kushuka chini, upinde wa inchi 62 au 64 unatosha. Kati ya 26 na 28, chukua wa 66. 28 hadi 30, chukua wa 68. Pinde za wawindaji ni fupi zaidi, 58 hadi 62, kwa sababu zinapitishwa vichakani. Tatizo ni kwamba upinde mfupi hufanya pembe kali kwenye upote na kuvibana vidole. Anayeanza hana sababu ya kujitesa hivyo.

Chagua upinde unaofunguka vipande vitatu: mpini wa kati na mabawa mawili (si ule mtaa wetu wa Mabawa, ni ile mikono inayopinda). Ukizidi nguvu unabadilisha mabawa tu, mpini unabaki. Upinde wa mtumba si mbaya, ila ukague juani. Pitisha pamba kwenye kingo zote za mabawa. Ikinasa mahali, kuna ufa au faiba iliyochomoza. Uvishe upote, usimame nyuma yake, utazame kutoka ncha hadi ncha: upote upite katikati ya mabawa yote mawili. Ukiwa umekaa kando kwenye ncha moja, bawa hilo limejinyonga. Mistari myeupe midogo inayokata upana wa bawa ina maana faiba imeanza kuachana na mbao. Huo uache, hata kwa bei ya kutupa.

Upote

Mji wa mkonge una kishawishi chake: kamba ya katani ipo kila mahali, kwa nini usisokote upote wake? Kwa sababu nyuzi zake hazilingani unene. Mzigo unaangukia zile chache zilizokaza, zinakatika moja moja pale zinaposuguana na ncha, na upote mzima unaachia bila taarifa. Mshipi wa nailoni una ubaya wa kinyume: unavutika mno. Mabawa yanapita mahali pake yanaporudi, mshale unapoteza kasi, na mkono wako unapata teke.

Kinachofaa ni nyuzi za poliesta zisizovutika sana. Uzi wa kawaida wa pinde za mbao ni dakroni wa aina ya B50. Upinde wa paundi 20 hadi 30 hutaka nyuzi 8, wa 25 hadi 35 nyuzi 10, wa 35 hadi 45 nyuzi 12. Nyuzi mpya zisizovutika kabisa huongeza kasi, lakini hukata ncha za upinde ambao haukuimarishwa. Kama muuzaji hakusema kwamba ncha zimeimarishwa, baki na dakroni. Urefu wa upote ni inchi nne pungufu ya urefu ulioandikwa: upinde wa 66 huchukua upote wa 62. Upake nta ya nyuki, ambayo Handeni haikosi, kisha uusugue kwa kipande cha ngozi mpaka upate joto na nta iingie ndani.

Uvishe kwa kamba ya kuvishia, yenye vifuko viwili vya ncha. Vifuko vinavaa ncha, unakanyaga kamba kwa miguu yote miwili, unainua mpini, kitanzi cha juu kinateleza hadi kwenye mfuo wake. Ile njia ya kupitisha mguu katikati ya upinde na kuukunja kwa paja ndiyo inayonyonga mabawa. Inaonekana ya kishujaa, na hasara yake inajificha mpaka upinde umekwisha. Kabla ya kuachia, angalia kwa jicho na kwa kidole kwamba vitanzi vyote viwili vimekaa ndani ya mifuo.

Sasa pima kimo cha upote, yaani umbali kutoka upote hadi kiganja cha mpini. Upinde wa inchi 62 hutaka 7.5 hadi 8.25, wa 66 hutaka 8.25 hadi 8.75, wa 68 hutaka 8.5 hadi 9. Kikiwa chini, vua upote, uusokote mizunguko mitano zaidi, uvishe tena, upime. Kikizidi, fungua mizunguko. Dalili ya kimo kibaya ni kelele: upinde unalia kama bati na kutetemeka mkononi. Songeza robo inchi kwa mara moja, na palipo na sauti ya chini kabisa ndipo pako. Upote mpya hurefuka siku za mwanzo, kwa hiyo pima kila siku kwa wiki ya kwanza.

Mwisho, weka kituo cha mshale. Tafuta mahali ambapo mshale unaokaa kwenye kikalio (ule ukingo wa mpini unaolaza mshale) unafanya pembe mraba kamili na upote, panda nusu inchi juu ya hapo, zungusha uzi wa kushonea wenye nta mpaka ufanye kifundo kidogo, utie tone la gundi. Mshale utakaa chini ya kifundo hicho kila mara.

Mishale

Hapa ndipo fedha na akili viende. Upinde wa wastani wenye mishale inayolingana unaushinda upinde mzuri wenye mishale ya kuokoteza. Mshale ukisukumwa kutoka nyuma hupinda kama samaki anavyojinyonga, ukauzunguka mpini, kisha ukanyooka. Wano, yaani uti wa mshale, likiwa gumu mno halipindi vya kutosha, linagonga ubavu wa upinde na kwenda kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia. Likiwa laini mno linapinda kupita kiasi na kwenda kulia.

Ukinunua mishale ya kaboni au alumini, ugumu umekwisha kupimwa na kuandikwa. Ukichonga mwenyewe kwa mbao mviringo za milimita 8 au kwa mianzi myembamba, ugumu unapimika nyumbani. Weka vitegemeo viwili vya umbali wa sentimita 66. Lala wano juu yake. Chukua chupa tupu ya lita moja, itie maji mpaka mizani isome gramu 907, itundike katikati kabisa ya wano, upime kwa milimita limeshuka kiasi gani. Gawanya 660 kwa namba hiyo. Wano lililoshuka milimita 22 ni la paundi 30. Lililoshuka 26 ni la 25. Anza na mawano yanayolingana na uzito ulioko kwenye vidole vyako, kwa mshale wa inchi 28. Kila inchi inayozidi hapo hulifanya wano kuwa laini kwa kama paundi 5, kwa hiyo usikate mapema: piga kwanza ukiwa na mshale mrefu, kisha punguza nusu inchi nusu inchi. Ukikata sana hakuna dawa.

Mwanzi una vifundo, na vifundo vina tabia zake. Pima kila mmoja, uyapange yanayokaribiana, na usishangae ukitengeneza thelathini na kubakiwa na kumi na miwili yanayofaa. Mwanzi uliopinda hunyooshwa juu ya jiko la mkaa: pasha pale palipopinda mpaka vidole visivumilie, nyoosha, shikilia mpaka upoe. Ukiachia kabla haujapoa utarudi ulikokuwa.

Uzito wa mshale nao una mpaka wake. Mshale mwepesi mno huuacha upinde na nguvu ambayo haikutumika, na nguvu hiyo hurudi kwenye mabawa. Wapigaji huhesabu kwa greini, ambayo ni kama gramu 0.065, na kwa pinde za mbao hawashuki chini ya greini 8 kwa kila paundi. Kwa upinde wa paundi 25 hiyo ni gramu 13. Mshale ukiwa kati ya gramu 16 na 20 upinde utapiga kwa utulivu zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, usivute na kuachia upote bila mshale, hata kwa mzaha, hata mara moja. Rafiki anayesema “hebu nionje” ndiye anayevunja pinde.

Manyoya ni matatu, ya inchi 4 au 5. Ya bata mzinga au bata bukini yanafaa. Plastiki haifai hapa, kwa kuwa mshale unapita ukigusa kikalio na plastiki hailali ikapisha. Yote matatu yatoke ubavu mmoja wa ndege, wa kushoto au wa kulia, kwa maana mkunjo wake ndio unaouzungusha mshale. Ukichanganya, unyoya mmoja utapingana na wenzake. Moja lipakwe rangi tofauti nalo litazame nje, mbali na upinde. Kigumba cha shabaha ni butu kidogo, cha gramu 6 hadi 8, kinabandikwa kwa gundi inayoyeyuka kwa moto ili ukivunja wano ukipate tena.

Gunia na uwanja

Gunia la kilo mia lijazwe makapi ya mafundi cherehani, ambayo Ngamiani yanatupwa kila jioni. Toa vifungo na zipu zote. Shindilia kwa mguu, tabaka kwa tabaka, mpaka unene ufike sentimita 30 na ngumi ikigonga isididimie. Gunia lililolegea hupitisha mshale mpaka manyoya, na ukiuvuta unauvua nguo. Taka za mkonge zinashika mshale vizuri sana, ila hunywa maji na kuvunda masika. Kama unazitumia, ziwe chini ya paa. Mchanga usitie hata kidogo: unakula vigumba na kupasua mawano. Ulaze kwenye chaga, usiguse ardhi, mchwa wa Tanga hawabagui.

Nyuma ya gunia ndipo pa kufikiri zaidi. Mshale wa upinde mwepesi wa paundi 25 ukikosea juu unaweza kuruka zaidi ya mita mia. Tuta la udongo la mita mbili na nusu ndilo bora. Kama huna, ning'iniza zulia zito la zamani au wavu wa kuvulia uliokunjwa mara mbili, uachwe ulegee. Ukikazwa unapitisha, ukilegea unakula nguvu. Ukuta wa zege hapana, mshale hurudi. Njia ya watu isiwe nyuma wala pembeni mwa gunia, na wote wasimame mstari mmoja. Hakuna anayekwenda kuchukua mshale mpaka pinde zote ziwe chini. Unapouchomoa, mtu asisimame nyuma yako, kwa sababu pengo la nyuma la mshale liko usawa wa macho.

Elekeza uwanja kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisikae machoni. Kuhusu upepo, Raskazone na mitaa yote ya kando ya bahari hutulia alfajiri mpaka saa tatu hivi; baadaye upepo wa bahari unaamka. Kusi likikaza, mshale wenye manyoya makubwa huelea, na anayeanza atajilaumu kwa kosa ambalo si lake.

Kupiga

Kwanza ujue jicho lako. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, utazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha vuta viganja usoni bila kukipoteza. Vitafika kwenye jicho linaloongoza. Likiwa la kulia, shika upinde kwa mkono wa kushoto, hata kama unaandika kwa kushoto.

Simama ubavu kuelekea shabaha, miguu upana wa mabega. Upinde usishikwe kama jembe. Uache ukae kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba, vidole vingine vilegee, vifundo vya mkono viwe mshazari. Sasa zungusha kiwiko cha mkono wa upinde ili shimo lake litazame pembeni, lisitazame juu; hiyo ndiyo kinga ya kwanza ya mkono, kabla ya kinga ya ngozi. Vidole vitatu viushike upote kwenye kifundo cha kwanza: kimoja juu ya mshale, viwili chini. Wengine huweka vyote vitatu chini, mshale ukakaribia jicho na kulenga kukawa rahisi kwa masafa mafupi. Njia zote mbili ni halali, ila chagua moja. Vaa kipande cha ngozi vidoleni, vinginevyo utakufa ganzi kabla ya mshale wa hamsini.

Vuta kwa mgongo. Maneno hayo husemwa sana na hueleweka kidogo, basi yafanye hivi: fikiria unataka kumpiga kiwiko mtu aliye nyuma yako. Mfupa wa bega utasogea kuelekea uti wa mgongo, na mkono utakuwa ndoana tu. Vuta mpaka kikomo chako, ambacho kwa wengi ni kidole cha kati kugusa pembe ya mdomo. Kikomo hicho kisibadilike, kwa sababu ndicho kinachofanya kazi ya alama ya nyuma ya kulengea kwenye bunduki. Kikisogea inchi moja, mshale umepoteza paundi mbili.

Kulenga kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutazama nukta moja tu, ndogo kadiri unavyoweza, na kuuacha mwili ujifunze, kama unavyorusha jiwe kwenye embe bila kupima. Ya pili ni kutumia ncha ya mshale: ukijua kwa mita 10 ncha inakaa umbali gani chini ya shabaha, na kwa mita 18 inakaa wapi, unahesabu. Kumbuka mshale unaanguka njiani. Unaoruka mita 45 kwa sekunde hushuka robo mita ukienda mita 10, na karibu sentimita 80 ukienda 18. Anza mita 5, gunia tupu lisilo na alama. Ukiweza kuweka mishale sita ndani ya sahani ya wali mara tatu mfululizo, rudi nyuma mita mbili.

Kuachia si tendo. Ni kuacha kushika. Vidole vinalegea, upote unavisukuma wenyewe, na mkono kwa sababu mgongo bado unavuta unateleza nyuma kando ya shingo. Baki hivyo hivyo, upinde juu, mpaka usikie mshale umegonga.

Makosa husomeka kwenye gunia. Mishale yote ikiwa kundi moja lililokaza upande wa kushoto, wano ni gumu. Ikitawanyika kushoto, mkono wako unauchuna upote kama kinubi badala ya kuuacha. Ikianguka chini bila mpango, unalegea sekunde ya mwisho na mshale unatambaa mbele. Ukiruka huku mkia unapanda na kushuka, sogeza kituo cha mshale milimita moja moja. Upote ukikuchapa mkono, rudi kwenye kiwiko, halafu upime kimo.

Kuna ugonjwa mmoja usioonekana kwenye gunia: hofu ya shabaha. Mtu anaachia kabla ya kufika kikomo, mkono haumsikilizi, na kadiri anavyojilazimisha ndivyo inavyozidi. Mwondoe mbele ya shabaha. Asimame mita 3, afumbe macho, apige gunia tu. Kati ya kila mishale mitatu, mmoja auvute mpaka mwisho kisha aurudishe taratibu bila kupiga. Wiki mbili za hivyo husaidia kuliko maneno.

Uwindaji, na uwindaji bila mnyama

Anayeota kuwinda kwa upinde hapa kwetu aanze kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kuwinda bila leseni ni kosa, sumu ya mshale hairuhusiwi, na nyama au hata nyoya la ndege wa porini linahesabika kuwa nyara ya serikali. Ndiyo maana tumetaja bata wa kufugwa. Saadani na Mkomazi ni hifadhi za taifa. Kuingia humo na upinde bila kibali kunatosha kukupeleka mahakamani, hata kama hukupiga kitu. Hatuko peke yetu: Uingereza ilikataza uwindaji wa upinde kwa sheria ya 1981, ilhali Marekani una misimu na leseni zake.

Kule unakoruhusiwa, wawindaji wa rikavu hutumia paundi 40 hadi 50, mshale wa greini 10 kwa paundi, na chembe, yaani kigumba, yenye makali ya wembe. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata mishipa, kwa hiyo chembe butu ni ukatili. Wengi hawapigi zaidi ya mita 20, kwa sababu mnyama anasikia upote na kusogea kabla mshale haujafika. Raha ya uwindaji huo imo kwenye kunyemelea, kusoma upepo na kukisia umbali. Kupiga ni sekunde moja ya mwisho.

Na mambo hayo matatu unaweza kuyafanya bila kumgusa mnyama. Kata godoro la zamani lenye sponji ngumu umbo la swala au nguruwe, unene wa sentimita 25, ulifunge kwenye mti wenye tuta nyuma. Mwenzako ayaweke manne au matano kwenye shamba lenye ruhusa ya mwenyewe, umbali usioujua, mengine mteremkoni, mengine nusu nyuma ya kichaka. Mshale mmoja kwa kila umbo, hakuna wa pili. Kisia umbali kwa sauti kabla ya kupiga, kisha upime kwa hatua. Utagundua kivuli hufanya kitu kionekane mbali zaidi, na kwamba kwenye mteremko mshale hupita juu ya ulivyodhani. Wahenga walisema mshale kwenda msituni haukupotea. Hawakuutafuta kwenye ukoka baada ya masika. Paka mkia wa mshale rangi nyeupe au ya machungwa, na weka mtu mmoja kando, mahali salama, atazame unakoangukia.

Chumvi, jua na mvua

Ukimaliza kupiga, vua upote. Usiuache upinde kwenye buti la gari wala chini ya bati saa saba mchana. Joto hulegeza gundi kati ya tabaka na bawa hupasuka siku nyingine, ukiwa umeshasahau sababu. Usiusimamishe kwenye kona. Ulaze bapa, au uutundike kwa mpini, ndani ya mfuko wa kitambaa unaopumua. Mfuko wa plastiki huhifadhi jasho la bahari.

Boliti za mpini na vigumba vya chuma hushika kutu upesi hapa. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila baada ya kupiga, na boliti zitie vaselini kidogo mara moja kwa mwezi. Mawano ya mbao na mianzi yapakwe vanishi mara mbili, pamoja na ule mkato wa mwisho chini ya kigumba, ambao karibu kila mtu anausahau na ndio unaonyonya maji. Manyoya yaliyolowa na kulala yasitupwe: yashike juu ya mvuke wa birika sekunde chache, yatasimama yenyewe. Upote ukianza kuota manyoya mbele ya kikalio au kwenye vitanzi, paka nta. Uzi mmoja tu ukishakatika, usiuunge, tengeneza mwingine, na ule wa zamani uhifadhi ukiwa na alama ya idadi ya mizunguko, ili mpya uuanzie hapo hapo.